Ukifika Vienna, usiishie mlangoni

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili tunaoishi huku Ulaya, ndugu mmoja alirusha picha yake akiwa mbele ya Staatsoper, jumba la opera la Vienna, Austria, yaani la maigizo yanayoimbwa. Picha safi kabisa. Chini yake akaandika: "Ndani siingii, kule ni kwa matajiri wao." Watu wakamwagia vidole gumba, na mmoja akamshauri achukue picha nyingine pale Musikverein, jumba la matamasha, kisha arudi zake hotelini.

Imeniuma. Mtu amelipa nauli, amelala hoteli ya bei mbaya, amefika kwenye mji ambao kwa muziki hauna mpinzani rahisi duniani, halafu anaondoka na picha ya ukuta. Na sababu yenyewe si ya kweli.

Staatsoper ina tiketi za kusimama. Wakati viti vizuri vinapita euro 200, nafasi ya kusimama ni sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na nyingine zinauzwa siku ileile ya onyesho. Walio chini kabisa ukumbini wanasimama katikati, wakitazamana na jukwaa moja kwa moja, chini ya kile kilichokuwa kibanda cha Kaisari. Ni sehemu ambayo wenye fedha wangeilipia sana kama ingekuwa na viti. Ukishaingia unachagua mahali pako, unafunga skafu kwenye chuma cha kuegemea, basi, pameshakuwa pako. Unaweza kwenda kunywa maji ukarudi, hakuna atakayeigusa skafu ile. Wazee wa Vienna wanaokuja kusimama mwaka nenda mwaka rudi wanaiheshimu desturi hiyo kuliko tangazo lolote la ukutani. Mbele yako kuna skrini ndogo yenye tafsiri ya maneno yanayoimbwa, kwa hiyo hata kisingizio cha lugha hakipo.

Tena fikiria unamsikia nani. Wanamuziki wa Vienna Philharmonic, okestra maarufu ya mji huo, wanatoka katika okestra ya jumba hilohilo. Tiketi ya tamasha lao la Mwaka Mpya inagombewa kwa bahati nasibu, na kiti cha mbele kinazidi euro 1,000. Jumanne ya kawaida mwezi wa Novemba unaweza kuwakuta wengi wao wameketi shimoni mbele ya jukwaa, wakipigia opera, na wewe umesimama ukumbi uleule kwa bei ambayo haikutoboi mfuko.

Badala yake wageni wananaswa barabarani. Ukikatiza karibu na kanisa la Stephansdom utakutana na vijana waliovaa mawigi meupe na makoti ya enzi za Mozart, wakiuza tiketi za matamasha ya watalii. Nakubali, shingo upande, kwamba baadhi ya wanaopiga kwenye matamasha hayo wamesomea kazi yao, na kwamba mtoto mdogo anaweza kufurahia vipande vifupi vifupi. Lakini usilipe makumi ya euro kwa mavazi, ilhali dakika chache kwa miguu kuna opera nzima kwa bei ya chini.

Lile jumba lenyewe lina machungu yake. Lilifunguliwa mwaka 1869 kwa opera ya Mozart, Don Giovanni, na wasanifu wake wawili hawakuwahi kuiona siku hiyo. Watu wa mji walilisema vibaya sana jengo lao. Eduard van der Nüll akajinyonga mwaka 1868, na mwenzake Sicardsburg akafariki kwa maradhi miezi michache baadaye. Machi 1945 mabomu yakaliangukia, ukumbi na jukwaa vikateketea, zikabaki sehemu ya mbele na ile ngazi kuu. Mji ulikuwa na njaa na magofu, lakini jumba likajengwa upya, na Novemba 1955 likafunguliwa kwa Fidelio ya Beethoven, opera ya mfungwa anayetolewa gizani.

Musikverein ni habari nyingine kabisa. Ule Ukumbi wa Dhahabu, wa mwaka 1870, una urefu wa karibu mita 49 na upana wa mita 19, umbo la sanduku. Chini ya sakafu ya mbao kuna uwazi, na dari limening'inizwa, kwa hiyo ukumbi mzima unatetemeka pamoja na ala kama tumbo la fidla. Hapo nyuma pia watu husimama. Huenda usione kitu zaidi ya migongo ya watu, lakini besi zikianza utazisikia zinapanda kutoka miguuni.

Sasa lile neno "kule ni kwa matajiri wao", yaani si kwa watu kama sisi. Mei 1803, katika ukumbi wa Augarten, Vienna hiihii, Beethoven aliketi kwenye piano, na aliyesimama na fidla alikuwa George Bridgetower, kijana mwenye asili ya Afrika. Sonata waliyopiga, yaani kipande cha fidla na piano, ilitungwa ili aipige yeye. Baadaye wakagombana, Beethoven akamtunukia sonata hiyo mpiga fidla Mfaransa, Kreutzer, na jina la Kreutzer ndilo lililobaki mpaka leo. Mwaka 1958 Leontyne Price, Mmarekani mweusi, aliimba Aida pale Staatsoper. Mahali ambapo watu wetu wamesimama jukwaani, sisi tunaogopa kusimama nyuma?

Sisemi Vienna haina dhambi. Angelo Soliman, Mwafrika aliyeheshimiwa mjini humo, alipofariki mwaka 1796 ngozi yake ilijazwa na kuwekwa kwenye maonyesho, binti yake akilia arudishiwe baba yake amzike. Na Philharmonic haikuwakubali wanawake kuwa wanachama mpaka 1997. Mimi naona hizo ni sababu zaidi za kuingia na kukaa humo kwa haki yetu.

Kwingine: Theater an der Wien ndiko Symphony ya Tano ya Beethoven ilikosikika mara ya kwanza, usiku wa baridi kali wa Desemba 1808. Burgtheater ni maigizo ya Kijerumani. Kama lugha hujui, nenda mchana ukaone dari za ngazi alizochora mchoraji Klimt. Kwenye ukumbi wa maigizo wa Josefstadt, taa kubwa ya dari hupandishwa polepole kabla ya onyesho kuanza.

Suti si lazima. Shati safi, suruali ndefu, viatu vya kufunika. Koti unaliacha wanapotunza makoti. Mara ya kwanza usichague opera ya Wagner inayochukua muda wa saa tano, miguu itakushinda. Chukua opera fupi zaidi, Tosca au La Bohème. Na panga safari kati ya Septemba na Juni, maana Julai na Agosti Staatsoper hakuna maonyesho.