Figo inabaki au inaondoka? Picha iulizwe kwanza

Ukikaa kwenye benchi nje ya chumba cha siti skani hapa Dodoma, swali utakalolisikia kwa ndugu wa wagonjwa ni lile lile: "Ni kansa?" Wana haki ya kuuliza. Ila kwa uvimbe wa figo kuna swali la pili, na mimi nadhani lingeulizwa siku hiyo hiyo: figo inabaki, au inaondoka yote?

Baba yangu mdogo alikuja kutoka Kondoa na bahasha yake kwapani. Ripoti ilikuwa mistari miwili: uvimbe figo ya kushoto, sentimita 5, amwone daktari bingwa. Basi. Hizo sentimita 5 zimekaa wapi? Zimechomoza nje au zimezama ndani? Figo ya kulia ina hali gani? Karatasi kimya, na majibu yamo kwenye filamu ile ile tuliyoilipia.

Wala si kwamba namna ya kujibu haipo. Mwaka 2009 madaktari wawili wa Marekani, Kutikov na Uzzo, walitoa utaratibu wa kuupa uvimbe alama kwa kusoma picha tu. Unapimwa upana: hadi sentimita 4, kati ya 4 na 7, au kuanzia 7. Unaangaliwa umechomoza kiasi gani, uko milimita ngapi kutoka kwenye njia za mkojo ndani ya figo (zikiwa 4 au pungufu, alama hupanda), na kama uko kwenye ncha au katikati. Huongezwa herufi ya kuonyesha uko upande wa mbele au wa nyuma. Jumla ya 4 hadi 6 ni kazi nyepesi, 7 hadi 9 ya wastani, 10 hadi 12 ni ngumu.

Ugumu huo una maana yake pale mezani. Ili akate uvimbe na kubakiza figo, mara nyingi mpasuaji hubana mshipa unaoingiza damu, anakata, anashona, anaachia. Dakika 25 hadi 30 zikipita, figo iliyonyimwa damu huanza kuumia. Uvimbe uliozama katikati hula muda, humwaga damu zaidi, na baada ya upasuaji mkojo unaweza kuvuja. Halafu kuna watu, tena si wachache, ambao figo yao moja inalishwa na mishipa miwili. Usipouona wa pili kwenye picha, utakutana nao ukiwa umeshafungua tumbo.

Naambiwa wasomaji wa picha ni wachache na foleni ni ndefu. Kweli. Lakini vipimo hivi ni kazi ya dakika chache kwa mtu ambaye picha iko mbele yake tayari, mradi ilipigwa vizuri: kabla ya dawa ya mshipani ya kung'arisha picha na baada yake, kreatinini (kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi) ikiwa imeangaliwa kwanza. Altrasaundi peke yake haitoshi. Na huu ni mji ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Thamani ya figo moja hatuhitaji kuhubiriwa. Mzee mwenye presha na sukari akiondolewa figo nzima pasipo ulazima, anasogezwa karibu na mashine ya kusafisha damu, na anayetoka Manyoni au Mpwapwa anajua safari hizo zinamaliza ng'ombe wangapi.

Sitaki kuipa picha sifa isizokuwa nazo. Katika uvimbe mdogo, chini ya sentimita 4, takriban mmoja kati ya mitano inayotolewa hukutwa si kansa, na picha haikuweza kulisema hilo kwa uhakika. Alama zenyewe zinahusu ugumu wa kazi, hazisemi ubaya wa ugonjwa. Tena hazihesabu mafuta yanayoizunguka figo, ambayo kwa watu wengine hung'ang'ania kiasi kwamba uvimbe wa alama 5 unamtoa daktari jasho.

Kwa hiyo daktari akiniambia "nitajaribu kuibakiza, nikishindwa nitaitoa," namwelewa kuliko anayeahidi. Ninachotaka ni kwamba hayo yote mawili yaandikwe kwenye fomu ya ridhaa, pamoja na alama za uvimbe, kabla baba mdogo hajaweka dole gumba.