Trekta limegoma, mjomba yuko bafuni

Usiku ule baridi ilipiga mpaka ndoo ya maji nje ikaganda juu, na asubuhi kuna trela la majani la kuvuta, ng'ombe washaanza kelele. Nikapanda kwenye trekta, gia friii, klachi chini kabisa maana usipokanyaga klachi stata haigusi, nikageuza funguo. Nyuuu... nyuu... ny. Kimya.

Mjomba akapiga kelele toka ndani, "Betri hiyo!" Yani hata hajatoka nje kuliona trekta lenyewe. Ila ukweli usemwe, nusu alipatia. Betri na baridi haziivi, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na karibu nusu tu ya nguvu, na sisi hatukufika huko lakini hata baridi ndogo inaipunguza, halafu oili nayo imekuwa nzito kwa hiyo stata inataka umeme mwingi siku ambayo betri inao kidogo. Vichwa vya betri navyo vimeota ule unga mweupe. Nikavisugua vikang'aa, tukasogeza pikapu tukabusti kwa betri yake, stata ikapiga kwa hasira kabisa, nikasema haya sasa. Trekta wala halikukohoa.

Hapo ndo washauri wakaanza kumiminika, sijui trekta likigoma watu huwa wanapigiwa simu na nani. Mmoja anasema hita plagi, zile za kupasha moto ndani ya injini, zishikilie zipate moto vizuri kabla ya stata, sawa nikazishikilia, hamna kitu. Mwingine kaja na kopo la spreyi ya etha ya kuamshia injini, ashafungua mfuniko anaelekea kwenye filta ya hewa, nikaruka nikamnyang'anya, maana etha ikikutana na hita plagi zilizoiva inalipuka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja mpaka pistoni, mbali na nyusi zangu ambazo bado nazihitaji. Mjomba, saa hiyo ashaingia bafuni, kapaza sauti tena, "Livuteni!" Livutwe na nini mjomba, si ndo lenyewe huwa linavuta wenzake.

Fundi akaja. Huyu fundi hana haraka na kitu chochote duniani. Akasema piga stata, na yeye hata injini hakuiangalia, akasimama anaitazama egzosi. Akasema mnaona? Tukasema hatuoni kitu. Akasema ndo hivyo hivyo, ungetoka moshi mweupe ningejua dizeli inaingia ila baridi inaizuia kuwaka, lakini hapa hamna moshi wa aina yoyote, injini haipati dizeli. Ikabidi tuikague, kwa sababu dizeli ikipigwa na baridi kali inatoa nta, inakuwa kama uji, inaziba filta. Akakinga ya kwenye filta kwenye chupa, akainyanyua juani. Safi, haina ukungu, wala matone ya maji chini. Kwa kuwa kashafungua filta upepo umeingia, basi akalegeza skrubu ya juu akapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, akafunga, akaenda kulegeza nati za nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, nikapiga stata. Kavuuu.

"Stopu umeirudisha?" Nikamwambia imerudi, kitufe cha kuzimia hiki hapa kimezama mpaka mwisho. Akapanda akaisukuma mwenyewe, akakubali. Yule wa etha akaisukuma, akakubali. Kila aliyekuwepo alikuja kukisukuma kile kitufe na kutikisa kichwa kwa ujuzi.

Trekta lenyewe ni la zamani, kuzima ni kwa kuvuta waya, kitufe kiko kwenye dashibodi na waya unapita kwenye ganda lake mpaka kwenye kikono cha pampu ya dizeli, kikono ndo kinakata dizeli. Sasa spana ikamponyoka fundi ikaangukia chini ya pampu, nikainama kuitafuta, nikaona waya umejikunja umetoka nje ya ganda na kikono kimelala upande wa kuzima, wala hakina habari na kitufe. Ganda lilikuwa na ufa, maji yakaingia, usiku yakagandia humo ndani.

Tunahitaji maji ya moto. Maji ya moto nyumba nzima yalikuwa sehemu moja tu, ndoo ya mjomba mlangoni pa bafu, anasubiri yapungue moto kidogo. Nikayachukua. Fundi akakataa tusiyamwage kwenye pampu, chuma cha baridi kikipigwa maji ya moto ghafla kinaweza kupasuka, akasema lete kitambaa tuzungushie waya. Kitambaa kilichokuwa karibu ni taulo la mjomba.

"NANI KACHUKUA MAJI?" Tukanyamaza wote, fundi anakamua taulo taratibu, mafuta yashaingia.

Kikono kikarudi, tak. Stata, moshi mweupe mzito, likakohoa, likawaka! Tukashangilia, na ule moshi wote ukaingia dirisha la bafu. Mjomba anakohoa humo ndani, "Zima! Zima hilo dude!" Kwa kuchanganyikiwa nikageuza funguo, ambayo dizeli hii haijali kabisa, ndo nikakumbuka stopu nikaivuta, kitufe kikabaki mkononi na kipande cha waya. Fundi anajua cha kufanya ila kacheka mpaka kakaa chini.

Mjomba akatoka amevaa overoli langu kinyumenyume, akapita katikati yetu bila kusema neno, akasukuma kikono cha pampu kwa kidole kimoja. Likazima.

Fundi akafuta machozi. "Mzee, sasa sisi tulikuwa tunataka liendelee kuwaka."

Mjomba kaniangalia, kaangalia taulo. "Haya washeni. Na wewe nenda kanichemshie mengine."

Likawaka mguso wa kwanza, ng'ombe wakala. Waya mpya tumeshafunga, taulo bado ananidai.