Mkwe, Msumeno na Kiti cha Plastiki

Niweke sawa kabla ule ujumbe wa sauti wa shoga yangu, kwamba nimenasa mtupu chooni hospitali, haujamaliza magrupu yote ya Temeke: sikunasa kwenye choo cha hospitali. Nilinasa kwenye kiti cha plastiki, nyumbani kwangu, uani, asubuhi kweupe, nimevaa dera langu kamili. Hilo la kwamba nilikuwa mtupu amelitia chumvi mwenyewe, na Mungu anamwona.

Habari za nyonga yangu ya kulia mnazo. Mmeiombea, mmeichangia, kuna aliyeniletea mafuta ya nyonyo mpaka yakamwagika kwenye mkoba. Miaka yote ya mchakamchaka, na nusu marathoni za Moshi, kilomita 21, napandisha ule mlima wa kuelekea Mweka huku vijana wananiita bibi wakiwa nyuma yangu. Leo eksirei inaonyesha gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Wiki ijayo naingia chumba cha operesheni. Kichwa cha mfupa wa paja kinatolewa, linaingizwa shina la chuma na tufe lake, na upande wa pili kinawekwa kikombe chenye plastiki kwa ndani. Daktari akasema nitatembea, nitaogelea, hata baiskeli nitaendesha. Nilipomuuliza kuhusu kukimbia akaanza kupangapanga karatasi zake. Nikamwelewa.

Basi, maandalizi. Diklofenaki, ile dawa yangu ya maumivu, nimeambiwa niache, nisije nikavuja damu nyingi wakinipasua. Jino bovu limeng'olewa, maana vijidudu vya jino vinaweza kusafiri na damu hadi kwenye nyonga mpya. Ndugu na marafiki wa kutoa damu watafutwe. Kila alfajiri nabana misuli ya mapaja kitandani. Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni swali la yule dada wa mazoezi ya viungo: "Mama, nyumbani mna choo gani?"

Cha kuchuchumaa, mwanangu. Kingine nakitoa wapi?

Akatikisa kichwa. Baada ya operesheni magoti yasipande juu kuliko nyonga, tufe linaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Nitafute kiti cha kuweka juu ya tundu. Cha dukani nikauliza bei, nikapanda daladala nikarudi kimya. Shoga yangu (ndiyo, huyo huyo) akasema chukua kiti cha plastiki, mpe fundi atoboe katikati. Na kweli watu wanafanya hivyo, na wanakitumia vizuri tu, msinicheke. Fundi akapasha kisu moto, akanipima kwa macho, akakata duara. Sasa mie mkimbiaji, nyama za kukalia sijajaliwa. Yule bwana alikata tundu la mke wake.

Jumapili nikakiweka uani nikijaribu kwanza pakavu. Nikakaa. Kikakubali. Nikajisogeza nyuma kidogo, nijiachie kama nilivyoelekezwa. Miguu ya kiti ikaanza kutanuka kwenye sementi inayoteleza, taratibu, kwa adabu kabisa, na mimi nikaanza kushuka. Nilijiona nikishuka. Makalio yakapita, magoti yakapanda, yakapanda, mpaka yakasalimiana na kidevu. Yaani mkao ule ule niliokatazwa. Kujinyanyua, zile kingo alizochoma fundi zilikuwa zimekunjikia chini, zikaning'ata. Dema la samaki: kuingia unaingia, kutoka utajua mwenyewe.

Nikamwita binti yangu. Kaenda sokoni. Na hapo ndipo nikasikia mchakamchaka unakata kona ya mtaa wetu.

Klabu yangu ya mbio! Wamepanga kunishtukiza, waje kwa mbio na jezi zao, na bahasha ya mchango, na majina ya watoa damu. "Hodi!"

Nyie mngefanyaje? Nikatandaza khanga mapajani, ikafunika kiti chote, nikajibu karibuni kwa sauti ya mwenye nyumba. Wakajaa uani. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Kijana mmoja akauliza, "Mama, mbona umekaa chini chini hivyo?" Nikamwambia ni zoezi, nimepewa hospitali. Akachuchumaa na yeye kuniunga mkono.

Dua ikasomwa, wao wamesimama, mimi na amina zangu hapo chini. Nikajua nimepona. Ndipo mwenyekiti wa klabu (siku hiyo wenye viti tulikuwa wawili) akasema bahasha haipokelewi mtu amekaa, mama ainuliwe.

Vijana wawili wakanishika makwapa. Nikasema acheni. Wakadhani naona haya. Wakahesabu moja, mbili. Nikapaa.

Khanga ikabaki chini. Kiti kikaja na mimi.

Walikuwa wameshaanza kuimba, wimbo ukakatikia katikati ya neno. Nimening'inia hewani, miguu minne ya plastiki imechomoza nyuma, na mwenyekiti bado amenyoosha bahasha, macho yanahama kwangu yanakwenda kwa kiti, yanarudi. Mtoto wa jirani akasema, wala hakupaza sauti, "Bibi kaota kiti." Na mimi, sijui nilitumwa na nini, nikanyoosha mkono nikaipokea bahasha. Nikasema ahsanteni sana.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Kuvuta kulishindikana, sabuni ilishindikana, wakaogopa kunimalizia nyonga kabla ya daktari. Msumeno wa chuma mtaani anao mtu mmoja tu. Mkwe wangu.

Wenye wakwe mnanielewa. Huyu tangu amuoe binti yangu hajawahi kuniangalia usoni mara mbili kwa siku moja. Akaingia na msumeno kwapani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, habari za kazi?" "Nzuri." Akapiga magoti nyuma yangu, uso kaugeuzia mwembe wa jirani, akakata hivyo hivyo, binti yangu aliyekwisha rudi na vitunguu vyake anamwelekeza: "Kulia, kulia, taratibu baba, hapo ni mama!" Plastiki ikapasuka, nikatoka. Chai hakunywa. Alikumbuka ana safari.

Nyonga iko vile vile ilivyokuwa, mbovu lakini haijazidi. Yule dada wa mazoezi nilimpigia nikamweleza yote, akanyamaza muda, kisha nikasikia anamhadithia mwenzake pembeni. Nikamwambia daktari alisema nitawekewa plastiki, hakusema mnaanzia wapi.

Watoa damu wamepatikana na wamezidi, ile video waliyonipiga na kiti changu imesaidia. Sasa mwenye kile kiti cha choo cha chuma, chenye miguu ya kurefusha, naomba aniazime. Akilete kwa binti yangu mkononi. Kwa mkwe asipitishe, tangu Jumapili hapokei simu ya mtu yeyote wa ukoo wetu.