Kuku wamelala, dari inatoa jasho

Asubuhi moja jirani yangu aliniita nikamtazamie kuku wake, walikuwa wakikohoa. Kibanda chake ni kizuri kuliko changu: mbao zimepakwa rangi, paa la kufunua, mlango wenye makomeo mawili. Alipofunua paa nikapitisha kiganja upande wa ndani wa ubao. Kikatoka kimelowa chapachapa, kama nimepangusa mfuniko wa sufuria ya wali. Na usiku ule mvua haikunyesha.

"Nimeziba kila mahali, jirani," akaniambia. "Hata kile kidirisha cha juu nimekipigilia ubao. Sijui baridi inaingilia wapi."

Hapo ndipo wanapogawanyika wote wanaofuga uani, awe mtu wa kuku watano, sungura wawili au simbilisi wa watoto. Wapo wanaosema banda ni nyumba, na nyumba kazi yake ni kufungika. Wapo wanaosema mnyama mwenye manyoya mazima anataka paa lisilovuja, sakafu kavu na wavu usiopenyeka, kisha hewa ipite humo ndani usiku kucha. Mimi nimeegemea kwa hao wa pili. Lakini wa kwanza wana hoja, na anayewacheka hajawahi kuamka akakuta manyoya matupu bandani.

Hoja yao ya kwanza ni upepo. Kuku au sungura hujipatia joto kwa hewa iliyotulia kati ya manyoya yake. Upepo ukimpiga akiwa amelala, unaifagia hewa hiyo na joto linakwenda nayo. Mvua ya upepo ni mbaya zaidi, kwa kuwa manyoya yaliyolowa hayashiki joto. Vifaranga ambao manyoya hayajakamilika, kwa kawaida wa chini ya wiki 6 hivi, hawana cha kujikinga nacho kabisa. Simbilisi naye ni dhaifu wa baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 anaanza kupata shida, na mahali pake usiku wa namna hiyo ni ndani ya nyumba ya mwenye kumfuga. Hoja ya pili ni maadui. Kila uwazi ni mlango wa mtu fulani: panya, paka, kicheche, nyoka. Hiyo ndiyo hoja nzito zaidi na nitairudia.

Ila kuna jambo la lugha linalotupotosha kabla hata hatujashika msumeno. Ugonjwa wa kuku kukoroma na kuvimba uso tunauita mafua, na mafua kwetu sisi huletwa na baridi. Kwa hiyo kuku akipiga chafya, mkono unakimbilia dirisha. Mafua ya kuku ni ugonjwa wa bakteria. Baridi peke yake haiumbi bakteria, na ubao uliopigiliwa dirishani haumzuii anayeingia na kuku mgeni au kwa chombo cha maji cha kushirikiana. Unachofanya ubao ule ni kitu kingine, na hesabu yake naipenda, mnivumilie.

Kuku wa mayai hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku, siku za joto zaidi ya hapo. Maji hayo yanakwenda wapi? Yai la gramu 60 linabeba kama gramu 40 za maji. Yaliyobaki, zaidi ya gramu 200, yanatoka kwa kinyesi na kwa pumzi. Kuku sita, basi, wanamwaga zaidi ya lita moja kila siku. Tuwapunguzie: wanakunywa na kutembea mchana, kwa hiyo tuseme theluthi moja tu ndiyo inayotoka wakiwa wamefungiwa usiku. Bado ni kama mililita 400. Chukua bilauri mbili ndogo za maji, zipashe joto, zimwage ndani ya sanduku la mbao lenye ukubwa wa kabati la vyombo, ufunge, urudi asubuhi. Hicho ndicho alichokuwa akifanya jirani yangu kila usiku, kwa upendo kabisa.

Maji hayo yakikosa pa kutokea hupanda na hewa ya joto, hukutana na ubao uliopoa, hugeuka matone na kurudi chini kwenye maranda. Kinyesi kilicholowa ni kitu tofauti na kinyesi kilichokauka. Ule weupe kwenye kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki. Bakteria wanaivunja na kutoa amonia, na wanachohitaji kwa kazi hiyo ni joto na unyevu. Banda lililozibwa linawapa vyote viwili. Kiwango kinachotajwa sana kuwa kisipitwe kwenye mabanda ni sehemu 25 za amonia kwa kila sehemu milioni za hewa. Kwenye koo la hewa la kuku kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvirudisha nje. Amonia inavilemaza. Mafua yale yale tuliyofungia dirisha sasa yamefunguliwa mlango.

Mfugaji husema, "Mbona mimi sisikii harufu?" Kwanza, pua huzoea. Pili, pua yake iko mita moja na nusu juu ya maranda, na ya kuku au sungura iko karibu na sakafu kama kiatu chake. Kipimo ninachokiamini hakihitaji chombo: asubuhi kabla ya kufungulia, piga magoti, fungua mlango mdogo, ushushe uso hadi usawa wa maranda, uvute pumzi mbili. Macho yakiwasha, humo ndani wamekaa hivyo usiku kucha.

Kwa upande wa joto, watu husahau wamemfuga nani. Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi na koti la manyoya asilolivua. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na wafugaji Marekani waliojenga mabanda yenye upande mzima wa mbele ulioachwa wazi, wavu mtupu, mwaka mzima, theluji ikiwa nje. Siri ilikuwa kina cha banda: kuku walilala nyuma kabisa, kwenye kuta tatu zisizopenya upepo, na hewa ikabadilika mbele yao bila kuwapiga. Hata upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani mwa kuku, kuungua kwa baridi, jambo linalowatisha wafugaji wa nchi za theluji, huja upesi zaidi pale upanga unapokuwa na unyevu.

Kwa hiyo tofauti yote iko kati ya hewa na upepo. Uwazi ulio usawa wa kuku aliyelala ni upepo. Uwazi ulio juu ya kichwa chake, chini ya paa, upande usioelekea mvua, ni hewa. Wafugaji wengi wa uani hukadiria karibu mraba wa sentimita 30 kwa 30 wa uwazi kwa kila kuku. Vibanda vingi vya kununua vinatoboa tundu mbili za duara, kila moja kama mdomo wa kikombe. Ukizipima haziizidi hata sehemu ya hamsini ya hiyo kwa kuku sita. Na bado kuna mtu atazipachika tambara.

Sungura kesi yake ni nyepesi kuiamua. Hatoi jasho, joto analipunguzia masikioni, na anapumulia puani. Baridi kavu anaiweza akiwa na majani makavu ya kujichimbia. Nyuzi 30 na kuendelea zinaweza kumuua. Kasanduku kenye bati juu kakikaa juani ni tanuri. Nyumba yake iwe na chumba kimoja kilichofungwa cha kujificha, nusu iliyobaki iwe wavu, na kivuli cha mchana kiwe cha kweli. Sakafu ya wavu mtupu ya kumlaza siku zote siikubali ingawa mkojo unapita vizuri; nyayo zake hazina kanyagio gumu kama za paka, na vidonda vya nyayo vikianza haviponi upesi. Ubao au mkeka wa majani kwenye sehemu kubwa ya sakafu humtosha. Mkojo ukituama, kuna nzi: hutaga kwenye manyoya machafu ya nyuma, na funza wanaweza kutoka ndani ya siku moja.

Sasa maadui. Hapa wenye kuziba wanasema kweli kuhusu tatizo na wanakosea kuhusu dawa. Ubao wa sentimita moja unaoachana na mwenzake kwa upana wa kidole hauzuii nyoka, na tundu la upana wa kidole gumba panya anapita. Kinachozuia ni wavu, ila si ule mwepesi wa matundu ya pembe sita tunaouita waya wa kuku. Ule unamzuia kuku kutoka. Mbwa anauchana, na nyoka anapenya kwenye matundu yake. Wavu wa kuchomelea wenye matundu ya milimita 12 hivi, uliokazwa kwa skrubu na vibati bapa vya kuubana badala ya pini za stepla, ndio wa kuwekea kwenye uwazi wote wa juu. Chini, ulaze wavu kwa nje kama upindo wa sentimita 30 kuzunguka banda, ufukie kidogo: mnyama huchimba pale pale kwenye ukuta, hukutana na waya, mara nyingi hajui kurudi nyuma hatua moja. Fedha ya kuongeza mbao ningeihamishia huko bila kusita.

Kuhusu ukubwa nitasema moja tu. Kile kinachoandikwa kwenye boksi, "kwa kuku 6", huwa ni hesabu ya kuku waliolala wakibanana kwenye fito, si ya kuku anayeishi. Igawanye kwa mbili na hutajuta. Na kuwaweka sungura na simbilisi chumba kimoja kwa sababu wote ni wadogo na wanapendeza, hapana: sungura anaweza kubeba bila dalili bakteria wanaomletea simbilisi homa ya mapafu, mbali na mateke.

Lipo jambo moja la kulitetea banda lililofungwa ambalo siwezi kulijibu vizuri: kelele na jirani wa ukuta. Jogoo anayeona mapambazuko kupitia wavu huwika mapema, na giza la banda lililofunikwa humchelewesha kidogo. Mwenye jogoo na majirani wakali ana sababu ya kuweka pazia upande wa mapambazuko. Pazia, lakini, na juu yake pabaki wazi.

Siku ile nilimwambia jirani aung'oe ubao wa kidirisha na mmoja wa upande wa nyuma, juu ya fito, aweke wavu mahali pake. Alinitazama kama nimemwambia awalaze nje. Jioni nikasikia nyundo. Kesho yake tulifunua paa pamoja, akapitisha kiganja yeye mwenyewe upande wa kidirisha, pakavu, kisha upande wa pili, ambako bado kulikuwa na umande mwembamba. Ubao wa nyuma hajautoa. Anasema anasubiri kwanza aone usiku wa baridi.