Kifua kikuu kiko kwetu, seli zake zinasomwa ugenini

Mtanzania anayesomea kinga ya mwili dhidi ya kifua kikuu Ujerumani au Uholanzi hukutana mapema na hali hii: mashine zipo, wagonjwa hakuna. Flosaitometa, mashine inayotambua seli kwa rangi zilizobandikwa juu yake, inasoma rangi zaidi ya 20 kwa mpigo, na ikigoma fundi yuko karibu. Ila kukusanya wagonjwa wapya 40 ambao hawajameza hata dozi moja kunaweza kula miaka. Nyumbani, nchi iliyomo kwenye orodha ya WHO ya mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa TB, tabu hiyo haipo.

Basi njia iliyozoeleka ni kutoa damu kwetu, kugandisha seli na kuzisafirisha Ulaya. Ukiacha suala la heshima, naona mazoea hayo yanaiumiza sayansi yenyewe.

Damu ya heparini (dawa inayoizuia isigande) inatakiwa ichakatwe ndani ya saa 8 hivi. Unaizimua, unaimimina taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, visichanganyike, unazungusha kwa nguvu ya 400 g dakika 30 kwenye joto la chumba, breki ya sentrifuji ikiwa imezimwa. Ukisahau breki, ule utando mweupe wa limfosaiti na monosaiti, seli za kinga unazozitafuta, unavurugika. Damu ikilala usiku kucha, granulosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, hubadilika uzito na kubaki kwenye utando huohuo, na seli T (aina ya limfosaiti) zinaitikia kinyonge. Halafu kuna kugandisha: seramu yenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozikinga seli na barafu, joto lishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi -80, kisha nitrojeni kimiminika. Joto likipanda na kushuka njiani, seli zinaweza kuhesabika hai na bado zishindwe kutoa gama-interferoni, protini ya kinga ambayo seli T hutoa zikikutana na TB. Neutrofili, aina ya granulosaiti ambazo zina kazi kubwa kwenye TB hai, hazivumilii kugandishwa hata kidogo. Anayetaka kuzielewa hana budi kuwa na maabara jirani na kitanda cha mgonjwa.

Tena miili haifanani. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, tumeishi na minyoo na mikobakteria wa udongo na maji, na VVU viko katikati yetu. Mchangia damu wa Ulaya kwa kawaida hana historia hiyo. Chanjo ya MVA85A iliamsha seli T vizuri kwa watu wazima Uingereza. Majibu ya 2013, kutoka kwa watoto wachanga karibu 2,800 wa Afrika Kusini, yakaonyesha kwamba haikuongeza kinga juu ya ile ya BCG. Chanjo ya M72/AS01E, kwa upande wake, ilijaribiwa kwa watu wazima ambao tayari walikuwa na maambukizi ya TB yaliyolala Kenya, Zambia na Afrika Kusini, ikapunguza TB ya mapafu kwa karibu nusu katika miaka mitatu. Jaribio la namna hiyo lisingewezekana Leiden wala Munich.

Hata hivyo simshauri mtu arudi kichwa kichwa. Kinachoua maabara za nyumbani mara nyingi ni ugavi. Kingamwili zenye rangi hukaa nyuzi 2 hadi 8. Boksi likikwama forodhani mpaka barafu iyeyuke, rangi za kuunganishwa kama PE-Cy7 (rangi ya PE iliyofungwa na Cy7) huvunjika, mwanga wake ukaonekana kwenye chaneli ya PE, na mwanafunzi akadhani amegundua seli mpya. Kila kichupa kipya kipimwe kwanza kwa shanga za kulinganishia, na namba ya toleo iandikwe. Ruzuku nyingi hununua mashine na kusahau matengenezo. Matengenezo ya miaka mitano, jenereta na mafuta yake viwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kiwango cha nitrojeni kipimwe kwa kijiti angalau mara mbili kwa wiki, likizo au si likizo.

Ugenini nako kuna mtego wake: mikataba. Mkataba wa utafiti baada ya uzamivu mara nyingi ni miaka 2 au 3. Hatari ya kuugua baada ya kuambukizwa ni kubwa zaidi katika miaka 2 ya mwanzo, hivyo kuwafuatilia wanakaya wa mgonjwa ipasavyo kunahitaji angalau muda huo, bila kuhesabu vibali. Mkataba unaisha majibu hayajaiva.

Na uwezo wa kuongoza tunao. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma uliojengwa Tanzania kuanzia 1977, pamoja na daktari mtafiti wa TB Karel Styblo, ndio uliokuwa msingi wa DOTS, mkakati wa tiba ya TB chini ya usimamizi, ambayo WHO iliieneza duniani miaka ya 1990.

Kwa hiyo kijana akipata nafasi ya uzamivu nje, namwambia aichukue, akajifunze flosaitometa na uchambuzi wa takwimu mpaka azimudu peke yake. Lakini kabla ya kusaini asome makubaliano ya kuhamisha sampuli yanayopita NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu): vipimo gani vimeruhusiwa, kwa muda gani, nani anashika data ghafi, na vichupa vitakavyobaki vitateketezwa au vitarudi.