Jiko zuri, ila kuni akate nani?

Mama alilivumilia jiko langu siku tatu. Siku ya nne nililikuta pembeni ya ukuta, kuku ametaga ndani.

Lilikuwa jiko la gesi ya kuni, nililochongesha kwa fundi bati mmoja mjini Iringa. Kwa kulitazama ni kopo ndani ya kopo, basi. Unajaza vipande vya kuni na kuwasha juu, si chini kama tulivyozoea. Moto unashuka polepole, na joto lake linazitoa kuni gesi kabla hazijaungua zenyewe. Gesi ikipanda inakutana na hewa ya matundu ya juu, na hapo ndipo inawaka. Sufuria haishiki masizi mengi, na mwisho kopo linabaki na mkaa. Ule mkaa mama aliupenda kuliko jiko lenyewe.

Wazo lenyewe si la jana. Mmarekani Thomas Reed alilianza mwaka 1985. Mnorwe Paal Wendelbo alifika hapohapo kwa njia yake, na miaka ya 1990 majiko yake yakatumika kwa wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Yaliitwa Peko Pe, Kiacholi hicho, yaani hakuna tatizo. Tatizo lipo, na mama alilisema siku ya pili tu, panga mkononi: “Mwanangu, jiko hili linataka mtumishi.”

Kwenye mafiga unasukuma gogo kidogo kidogo huku unapiga soga na jirani. Hili linataka vipande vya urefu wa kidole, vikavu, vinavyolingana. Na ukishawasha, huongezi kitu. Ukitupia kuni juu ya kaa, zinafuka tu. Maharage yanachemka vizuri kabisa, kisha kuni zinaisha yakiwa bado magumu kama kokoto. Siku ya tatu upepo uliuzima mwali, lakini gesi haikukoma kutoka. Moshi mweupe mzito ukajaa jikoni mpaka chumbani, mama akatoka nje kajiziba pua kwa khanga. Kilichomaliza kesi ni ugali. Ukisonga ugali wa watu sita unauegemea mwiko kwa mwili mzima, na kopo refu jembamba lenye moto tumboni si kitu cha kuegemea.

Sisemi jiko ni bovu. Utafiti uliofanywa Embu, Kenya, ulikuta jiko la aina hii linapunguza kuni kwa asilimia 27 hadi 40 ukilinganisha na mafiga, na moshi pia unapungua sana. Naziamini hizo hesabu. Ila panga halimo ndani yake, wala mgongo wa anayelishika. Wabunifu wamehangaika na mwali miaka arobaini, na mwali wameuweza. Kwa maoni yangu sasa waliache kopo, wahangaike na kinachoingia ndani ya kopo.

Rwanda kuna watu waliliona hilo mapema. Kampuni ya Inyenyeri, kule Gisenyi, iliwapa wateja jiko na kuwauzia peleti, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vidogo vigumu, vyote saizi moja. Hapo panga linapumzika. Kampuni ilifungwa mwaka 2020, na wapo wanaosema ndiyo dalili kwamba peleti hazilipi. Mimi naona peleti zinashindanishwa na mkaa ambao mara nyingi mti wake haukulipiwa na mtu. Zambia, SupaMoto wanauza peleti za vumbi la misonobari kwa mtindo unaofanana na huo.

Na misonobari tunayo. Mama anaishi Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill. Ukikaa barazani kwake unasikia misumeno kutwa, na vumbi la mbao linarundikwa, linachomwa, linafuka usiku na mchana. Wakati huohuo tuna mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Ni jambo jema. Lakini kila nikiona picha za watu wakigawiwa mitungi ya gesi najiuliza gesi ikiisha mtungi atajaza nani. Gesi ya mtungi inakuja na meli. Vumbi la Mafinga linateketea palepale. Fedha kidogo za mitungi zingenunua mashine ya kushindilia peleti, nasi tukaona.

Nililirudisha kopo kwa fundi, akalichomea miguu mitatu ya nondo iliyotanuka. Sasa mama analichemshia chai ya asubuhi kwa magunzi, anayoyavunja kwa mkono. Kaa zinazobaki anazimimina kwenye jiko la mkaa na kubandika maharage. Ugali bado ni wa mafiga. Kuku ilibidi atafutiwe pengine pa kutagia.