Soma tangazo la ajira kabla hujachagua kozi

Wengi wetu tunasoma tangazo la ajira siku tunayoomba kazi. Naona tumechelewa hapo, tena kwa miaka mitatu. Kipengele cha "Majukumu ya Kazi" kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoajiri watumishi wa serikali Tanzania, kinamfaa zaidi kijana anayejaza fomu ya chuo kuliko yule aliyekwishahitimu.

Chukua Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Kwa jina ni cheo. Shuka kwenye majukumu: kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, kuwa katibu wa vikao vya Halmashauri ya Kijiji, kuandaa taarifa za utekelezaji, kupokea na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi. Kwa lugha ya mtaani: leo ng'ombe wameingia shambani kwa mtu, kesho ndugu wanagombea mpaka, na jioni muhtasari wa kikao unakusubiri. Asiyependa kelele za watu ataichoka kazi hii hata mshahara ukiingia kwa wakati. Mwenye kipaji cha kusuluhisha atajiona yuko nyumbani, ilhali huenda alipelekwa uhasibu kwa sababu tu hesabu alifaulu.

"Sifa za Mwombaji" ndipo watu wanapokwama. Dereva Daraja la II hutakiwa leseni ya daraja C au E, uzoefu wa angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, pamoja na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi), NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au chuo kingine kinachotambuliwa. Wapo walioshika usukani miaka kumi, hicho cheti hawana, na mfumo wa maombi mtandaoni hauulizi kama unajua kukata kona. Mwandishi Mwendesha Ofisi naye hutakiwa hatimkato (mwandiko wa haraka wa alama) ya maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza. Hiyo haikaririwi wiki moja kabla ya usaili.

Kwa hiyo tafuta matangazo matano ya kada (aina ya kazi) moja, ya miaka tofauti, uyapange pamoja. Sharti linalojirudia kwenye yote ndilo la kulisomea. Likionekana mara moja tu, lisikunyime usingizi. Majukumu yaleyale yatunze: ukiitwa kwenye mchujo, anza kujiandaa kwa hayo kabla hujakimbilia maswali ya WhatsApp.

Nyaraka nazo zinataka muda. Vyeti vyako vithibitishwe na wakili, barua ya maombi iwe na sahihi, na jina lisomeke sawa kuanzia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne hadi kitambulisho cha taifa (NIDA). Kama huku ni Hamisi na kule ni Khamisi, tafuta hati ya kiapo mapema, maana ukingoja siku ya mwisho, wakili ana foleni na mtandao umelemewa. Na slipu ya matokeo ya kidato cha nne usiipakie badala ya cheti. Haikubaliwi, hata ukiigonga mihuri mitatu.